Pemba ya Chifu Mpya

Harufu ya udongo mweupe uliolowa hunirudisha Kabambare, asubuhi ile chifu mpya alipoingia uani kwetu na watu wanne wenye bunduki. Nyanya yangu ndiye aliyewapaka machifu pemba, udongo huo mweupe, usoni, ili watu wawakubali.

“Mama, unipake,” alisema. “Watu wanangojea.”

Nyanya aliendelea kumenya mihogo. “Kiti ulikamata na bunduki. Basi bunduki ikupake.”

Walichukua mbuzi wetu wote, wakavunja mlango. Siku hiyohiyo tulishika njia ya Kasongo kwa miguu.

Chifu yule alitawala miaka mingi. Watu walimlipa kodi na kumpigia magoti, lakini walipogombana juu ya shamba au mahari, walitembea siku tatu kuja kuamuliwa na nyanya.