Uzi Mwekundu kwa Bwana Kimya

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mwaka huu anarudia mtihani wa sekondari. Kitabu walichopangiwa ni riwaya ya zamani ya kejeli, juu ya binti aliyesoma hadithi za mapenzi mpaka akamwona kila mwanamume mkimya amebeba siri moyoni. Mchana, wateja wakipungua, wifi hunisomea kwa sauti huku mguu wake ukikanyaga cherehani taratibu. Mimi hukaa juu ya gunia la vipande vya vitambaa, namnyonyesha mwanangu, na maneno hunijia kwa mbali, kama ya mtu anayezungumza chumba cha pili.

"Mjinga huyu!" wifi hucheka. "Kusalimiwa tu, keshajiona bibi harusi."

Lakini kuna mteja tuliyembatiza Bwana Kimya. Kila baada ya siku chache huleta shati jeupe, vifungo vya kifuani vimeng'oka. Huliweka mezani pamoja na vifungo vyake, hutabasamu, huyoo, kaondoka.

"Vifungo gani hung'oka hivyo?" wifi alinong'ona, macho yake yakiwa mbali. "Anavikata mwenyewe, wifi. Apate sababu ya kuja."

Nikadhani anatania. Kumbe safari hii alivishona vyote kwa uzi mwekundu.

"Hilo ndilo jibu langu," akasema. "Leo akija kulichukua, mwenyewe ataelewa."

Nikalivuta shati nilikunje. Pale kifuani kitambaa kilikuwa kimekakamaa, kina harufu ninayoijua hata usingizini: mate na maziwa yaliyochachuka. Kifungo kimoja kilikuwa na alama za meno madogo. Hapo hapo mwanangu alikuwa amekamata kifungo cha blauzi yangu, anakivuta kwa nguvu zake zote. Moyo ukaniuma. Nikinyamaza, wifi ataaibika mbele ya mume wa mtu. Nikisema, namwamsha katikati ya ndoto tamu.

"Wifi," nikasema polepole, "hebu nusa hapa."

Akanusa. Akamtazama mwanangu, akanitazama mimi.

"Ana mtoto," akasema, akadaka mkasi. Hata uzi wa kwanza hajaukata, kivuli kikaingia mlangoni.

Bwana Kimya akaliinua shati. "Fundi, mbona uzi mwekundu?"

Nikainamisha uso kwa mwanangu. Nikamsikia wifi akiweka mkasi mezani.

"Mtoto akivuta kifungo, uzi ukianza kulegea mtauona mapema. Asije akakimeza."

Uso wa yule mtu ukang'aa. "Umejuaje? Juzi nusura akimeze kimoja! Mama yake atakushukuru sana." Basi siku hiyo ukimya wote ukamtoka: meno mawili tayari, la tatu liko njiani.

Alipoondoka, wifi akaniambia, "Cheka, usijibane ukapasuka."

Tukacheka mpaka mwanangu akashtuka. Kisha wifi akafungua kitabu, pale binti anapoaibika mbele ya wageni. Alisoma polepole. Hakumwita mjinga.

"Wakiniuliza kwenye mtihani kama hadithi zilimharibu," akasema, "nitaandika kwamba zilimdanganya. Lakini siku zile zote alikuwa akiamka na furaha."

"Watakupa alama?"

"Sijui."

Akatazama nje kwenye jua, na mguu wake ukaanza kukanyaga cherehani, chini ya sindano hakuna kitambaa.