Dirisha Lisilo na Puti

Baba alikuwa fundi wa vioo mtaani Makina, na nilikuwa mkubwa kabla sijajua kwamba puti, ile ya kushikiza kioo kwenye fremu, inauzwa dukani. Kwetu ilikandwa na mama kwenye sinia kuukuu, unga wa chaki na mafuta, mpaka inalainika kama unga wa chapati. Baba aliibeba mfukoni ili joto la mwili lisiiache igande. Hata kanzu yake ya Ijumaa ilinuka mafuta, nasi tulimcheka. Leo ningetoa chochote niinuse tena.

Kuweka puti ni starehe. Kuitoa ndiyo adhabu. Kioo kikivunjika, fundi hushika nyundo na patasi akachokoa puti iliyokauka kama jiwe, huku vipande vikali vikingoja mkono uteleze. Mikono ya Baba ilipoanza kutetemeka, alirudi nyumbani mara tatu katika mwezi mmoja akiwa amefunga kidole kitambaa. Mara ya tatu mama akaificha patasi. Baba hakuuliza iko wapi. Alikaa mlangoni kutwa nzima akitazama wapita njia, na mimi nilimwona anaanza kufa akiwa mzima. Sikukubali.

Mimi nilikuwa nimesomea kuchomelea vyuma, nina karakana yangu mtaani Gatina, na sina subira. Niliapa nitatengeneza dirisha la chuma ambalo Baba ataweza kulibadilishia kioo bila patasi. Wakati huohuo, mama mmoja mwenye ploti ya nyumba za kupangisha ambaye nilimtengenezea mageti alilalamika kwamba wapangaji wake wa ghorofa ya juu wanateswa na baridi ya Julai. Chuma cha dirisha hushika baridi, asubuhi hutoa jasho, na ukuta huota kuvu. Nikaona shida mbili zina dawa moja.

Nilichora kwa chaki sakafuni. Fremu mbili nyembamba, ya nje na ya ndani, na katikati yake mpira uliokatwa kutoka tyubu za lori, ili chuma cha nje kisimpe mwenzake baridi. Vioo viwili vilivyoachiana nafasi ya hewa. Badala ya puti, vipande vya chuma vya kubana kioo kwa skrubu, zote upande wa ndani, mwizi asije akajihudumia. Nilimleta Baba karakanani, akautazama mchoro akacheka mpaka akakohoa, akauliza kama hilo ni dirisha au ni sefu ya benki. Lakini kesho yake alirudi, na kesho kutwa, na kabla sijajua yeye ndiye aliyekuwa ananikosoa: mpira uwe mpana zaidi, kioo kisiguse chuma kamwe, kiachiwe nafasi ya kutanuka jua likiwaka.

Dirisha la kwanza tulilifunga pamoja. Mafundi wa vioo wa rika lake walimaliza kazi kwa kukifuta kioo kwa gazeti lililoloweshwa maji, na Baba akafanya hivyohivyo, pande zote, kisha tukakaza skrubu. Asubuhi tulikuta ukungu katikati ya vioo. Maji ya gazeti tulikuwa tumeyafungia ndani. Nilifoka, nikalilaumu gazeti, nikamlaumu na yeye. Alichukua bisibisi, mikono ikitetemeka, akalegeza skrubu moja baada ya nyingine, akatoa kioo, akakianika juani, akakirudisha. Hakujikata. Kisha akaketi akaitazama mikono yake.

"Ujuzi hauzeeki," alisema, "lakini mikono inazeeka. Hii dirisha yako imenionea huruma."

Sijawahi kusifiwa zaidi ya hapo.

Miezi ile ndiyo ninayoikumbuka kwa hamu. Alikuja kila asubuhi kutoka Makina, na chapati za mama kwapani, akigombana na waendesha boda boda kana kwamba wao ndio waliochonga barabara. Tulibadilisha madirisha yote ya ghorofa ya juu ya yule mama mwenye ploti. Baba alipita mlango kwa mlango, akamwonyesha kila mpangaji skrubu zilipo, akawaambia kioo kikivunjika wamwite yeye.

Kisha akangoja. Kila simu ilipolia aliinua kichwa. Julai ikapita, na Agosti, hakuna aliyeita. Mimi nilijivunia uimara wa kazi. Yeye alizidi kuitazama simu. Mwishowe akasema twende tukayakague.

Katika chumba cha pili tulimkuta mama mmoja anayefulia watu nguo. Alitukaribisha chai, akaelekeza kidole dirishani.

"Hiyo ilivunjika, mzee. Ni watoto na mpira. Nilipima, nikakatiwa ingine hapo duka la hadiwea, nikaiweka mwenyewe. Si ulinionyesha? Ni rahisi sana."

Nilishindwa kumtazama Baba. Nilikuwa nimemtengenezea dirisha lisilomhitaji.

Alisimama, akapitisha kidole gumba kandokando ya kioo, pembe hadi pembe, polepole. Akamwambia yule mama ameweka vizuri. Alikunywa chai yake yote, akashukuru. Tulipokuwa tunashuka ngazi alinishika bega.

"Usibadilishe kitu," alisema. "Tengeneza zingine hivyohivyo."

Kesho yake hakuja karakanani, wala kesho kutwa. Sikumpigia simu, kwa sababu sikuwa na kazi ya kumpa.