Zambarau Juu ya Ukuta

Juzi nilirudi Malindi kwa shughuli zangu, nikapita mtaa tuliokulia. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi njiani na kapu la zambarau, akaniuzia fungu. Nilipotafuna ya kwanza, ulimi ukakauka kwa ukali wake, na papo hapo nikageuza kichwa kusikiliza kama kuna mtoto analia. Hapakuwa na mtoto. Lakini sikuweza tena kusimama mahali pamoja.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu.

Nilikuwa msichana wa umri wa kubeba mtungi mdogo, miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani. Uani kwetu palikuwa na mzambarau, na msimu wake ulipofika nyumba nzima iligeuka rangi: vidole, mikeka, leso, hata nyayo za kuku. Bibi yangu hakuruhusu zambarau zitunguliwe. Alitandika mkeka chini ya mti, zikaanguka zenyewe, naye akaokota zilizo nyeusi tititi. Alizisugua kwa chumvi, akaziosha, akazikamua kwa mkono ndani ya chungu, taratibu, asivunje kokwa zikatia uchungu. Kisha alichuja kwa kitambaa cha melimeli. Maji yake tuliyanywa mchana wa jua kali. Mwenye kuhara alipewa kidogo kidogo, yakiwa yamezimuliwa kwa maji yaliyochemshwa. Kokwa zilianikwa na kusagwa kwa ajili ya wazee wanaokwenda haja ndogo kila mara. Sharti kubwa la bibi lilikuwa chombo. "Zambarau hula shaba," alisema, "nawe utainywa hiyo shaba." Miaka mingi baadaye nilijisomea kemia kidogo, nikaona hakukosea.

Nyuma ya ukuta wetu alikaa Baniani mwenye duka, na mkewe, na mtoto wao aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa. Mwaka huo mtoto akashikwa na tumbo la kuhara. Siku ya pili kilio chake kilikuwa chembamba kama cha paka. Mama yake akaita kupitia tundu la ukutani, "Mama, mtoto yangu anakwisha. Dawa ya zambarau iko?"

Ilikuwapo, chungu tele. Lakini dini yake haikumruhusu kupokea kilichotiwa maji kwa mikono yetu, wala chombo tulichokwisha kutumia. Matunda angeweza kuyapokea, akakamua mwenyewe. Bibi akamuuliza vyombo vyake ni vya nini. Ni vya shaba, na bati linalopakwa ndani ili shaba isiguse chakula lilikuwa limekwisha. Fundi wa kutia bati hakuwa amepita mwaka huo.

"Chungu kipya utapokea?"

"Kama hajashika maji, napokea."

Bibi akanigeukia. "Kimbia Barani kwa mfinyanzi. Kisiguswe na maji, umesikia? Hata tone."

Nilikimbia na kikapu cha zambarau cha kubadilishana. Mfinyanzi, mama wa Kigiriama tuliyezoea vyungu vyake, akachagua kimoja, akakigonga kwa kidole, kisha akainua kata ya maji ajaribu kama kinavuja, kama alivyomfanyia kila mnunuzi. Nikaufunika mdomo wa chungu kwa mikono yote miwili.

"La, mama! Usitie!"

Akacheka. "Na kikivuja, mwanangu, utarudi kunitukana?"

"Sirudi."

"Basi chukua. Sijapata kuona mtu anayenunua chungu naye anaogopa maji."

Njia nzima ya kurudi nilitazama mawingu.

Bibi alikuwa mlangoni. "Ulikwenda kukifinyanga mwenyewe?" Akakiweka juu ya ukuta pamoja na zambarau, mikono ya upande wa pili ikavichukua. Kisha akaweka mdomo kwenye tundu. "Chemsha maji kwanza. Yaache yapoe. Usivunje kokwa. Mpe kijiko, ungoje." Tulisikia kuni, tukasikia mikono ikikamua, tukamsikia mtoto. Kisha hatukumsikia.

Bibi akaanza kufagia ua uliokwisha kufagiwa. Mimi nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Nikataka kupanda ukuta, akanivuta leso. "Kaa." Mwenyewe hakukaa. Adhana ya alasiri ikaisha, naye asiyechelewesha sala akasimama palepale na fagio.

"Mama!" Sauti ilipasua ukuta. "Chungu inavuja! Mtoto analia anataka ingine, na chungu inavuja!"

Bibi alicheka hadi akaketi chini. "Kinga kwa kifuu! Si kwa shaba, mwanangu, kwa kifuu!"

Tangu hapo, kila msimu, zambarau za kwanza ziliwekwa juu ya ukuta ule, mpaka watu wale walipohamia Mombasa. Bibi naye alikwisha kutangulia mbele ya haki.

Basi juzi nilikwenda hadi uani. Mzambarau umekatwa. Ukuta umejengwa upya kwa saruji, mrefu, na nilipoupapasa sikupata tundu. Mwenye nyumba akatoka kuniuliza nimepoteza nini. Nikamwuliza kama upande wa pili kuna mtoto.

Akautazama ukuta, akanitazama mimi na vidole vyangu vyeusi, akasema hajui.