Mlango wa Watu wa Ndani

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatano, mama mdogo alinipigia simu kutoka uwanja wa ndege wa Maputo. Alikuwa amemaliza matibabu ya jicho, anarudi Palma kumwoza binti yake Ijumaa. Kaunta ya abiria ilikuwa inafungwa saa tatu na nusu.

Nilikuwa kibandani kwangu, ninapotengeneza simu, na wateja wamekaa wakisubiri. Niliiweka simu kwenye spika ili nao wasikie. Watu wa Palma wakitaka kusafiri walikuwa wakija kwangu niwaelekeze uwanja ule: teksi inashusha wapi, mizigo inapimwa wapi. Nilikuwa nimeusoma kwenye picha na ramani za mtandaoni. Mama mdogo nilikuwa nimemrekodia maelekezo kwa sauti.

"Uko wapi, mama mdogo?"

"Nje, nimekaa kwenye benchi. Ulisema niingie mlango wa watu wa ndani. Nimeuona, umeandikwa doméstico. Sikuingia."

"Kwa nini?"

"Mwanangu, miaka yote nimepika na kufua kwenye nyumba za watu, naitwa doméstica, napitishwa nyuma. Leo nina tiketi yangu. Nimekwenda mlango ule mwingine, wa internacional, wananidai pasipoti."

Wateja walicheka. Mmoja akasema, "Mwalimu, bi mkubwa umemrudisha jikoni."

Ilitosha kumwambia: ingia humo humo. Lakini nilitaka wale watu wajue kwamba tafsiri yangu haina kosa. Nikaeleza kwamba ni safari za ndani ya nchi, kwamba neno lenyewe ni la Kireno, asili yake ni Kilatini na maana yake ni nyumba. Nikarudia tangu mwanzo, polepole, kama mtu anayesomesha.

"Nimeelewa," alisema. "Sasa wewe ulipoingia ulipita kulia au kushoto?"

Sijawahi kupanda ndege.

"Kushoto," nikasema.

Ilikuwa kulia. Alipoifikia kaunta, jicho moja limefungwa bandeji, walikuwa wameshafunga. Ndege iliyofuata yenye nafasi ilikuwa ya Ijumaa, na inapotua bado kuna siku mbili za barabara hadi Palma. Ndoa ilifungwa bila yeye. Binti alipambwa na majirani, na kila aliyeingia aliuliza mama yake yuko wapi. Mimi nilikuwa mlangoni nikipokea wageni, nikiwaambia ndege imechelewa.

Alifika Jumapili. Nilimweleza ukweli akiwa anakunja leso zake, na hakuacha kukunja.

"Ungesema hujui," alisema, "ningemwuliza yule mama anayefagia pale. Tulikuwa tumekaa benchi moja."

Sikumwuliza tiketi aliibadilisha kwa pesa gani. Binti ndiye aliyeniambia: ni zile mama yake alizomwekea za kununulia vyombo, meticais elfu sita na mia nane.