Mikono ya Mwalimu wa Sayansi

Mwalimu wa sayansi alikuwa na mazoea ya kufunga mikono mgongoni. Kila Ijumaa watoto wakiunda vitu vyao, mara mizani, mara kipimo cha mvua, yeye alizunguka hivyo hivyo, shati limemchomoka upande mmoja, akiuliza tu, "Sasa wewe unaonaje?" Veronica, mpishi wa uji, alimtania: "Mwalimu, hiyo mikono umeazima, unaogopa kuichafua?" Akacheka taratibu, akamwita mama kwa Kisukuma: "Nikiifungua, mayu, itawanyang'anya watoto kazi."

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kijijini kwao Ngulyati, alikuja mkaguzi wa shule, akakuta madaftari ya sayansi hayana maandishi mengi. Akasema redio waliyoiunganisha watoto kwa vipande vya redio mbovu isipolia, Ijumaa hizo zife, warudi kunakili ubaoni. Nyamizi, mmoja wa watoto walioiunganisha, akaiwasha. Kimya. Darasa zima likamgeukia mwalimu. "Sasa wewe unaonaje?" mwalimu akamuuliza Nyamizi, sauti ile ile. Veronica, aliyesimama nyuma ya mwalimu na ndoo ya uji, aliona mkono mmoja umeukamata mwingine, na vidole vya ule uliokamatwa vikisokota waya ambao haukuwepo. Akamwomba Mungu kimoyomoyo, si kwa ajili ya redio, ila ile mikono isifunguke. Nyamizi akatoa betri, akazitazama, akazigeuza na kuzirudisha. Redio ikakoroma, kisha mtu akaanza kusoma habari. Watoto wakapiga kelele za furaha. Mwalimu aliponyoosha mkono kupokea kikombe cha uji, Veronica aliona juu ya kiganja alama nne za kucha.