Nyaguthii Akataa Kumficha Mumewe

Tangu ukame wa 1984 ukaushe nusu ya miti yake ya kahawa, Wamahiu wa kijiji cha Wamagana alilala tu, akiutazama ukuta. Ndugu zake walimwamuru mkewe, Nyaguthii, amfiche ili ukoo usiaibike. Nyaguthii alikataa katakata. Siku ya kupeleka kahawa, alijitwika gunia lao, akamshika mkono mumewe na kumwongoza hadi kiwanda cha kahawa, ambako wakulima walikuwa wameketi chini wakichambua matunda ya kahawa, mabichi kando na mekundu yaliyoiva kando.

“Shemeji, ati umetuletea mwendawazimu?” akafoka mdogo wa Wamahiu.

“Nimeleta mgonjwa. Kesho nampeleka hospitali Nyeri, mchana, mkiona. Sasa songa akae.”

Shemeji hakusonga. Nyaguthii alimsukuma kwa bega, akaimwaga chini kahawa ya gunia lao ili waichambue, na Wamahiu akaketi mbele ya watu wote.