Jumatano ya Mgeni wa Chumba Namba Tatu

Kwa miaka thelathini na mmoja Enid Garbutt aliendesha nyumba ya wageni ya vyumba sita mjini Scarholme, mkabala na bahari. Sheria yake ilikuwa moja: saa nne asubuhi wageni wote watoke, wasirudi hadi saa kumi na moja jioni, jua liwake au mvua inyeshe. Nyumba zote za wageni mtaani zilifanya hivyo, na wageni walikuja na makoti yao wakijua.

"Mama huyu angemtoa nje hata askofu," mgeni mmoja alimwambia mkewe mlangoni, makusudi asikike.

"Nilishamtoa," Enid akamjibu. "Wala hakunung'unika kama wewe. Funga vifungo."

Cyril Ollerenshaw na mkewe Nora walikuja kila Julai, chumba namba tatu. Jumamosi ya kuondoka, Nora ndiye aliyeandika majina yao katika daftari la mwaka unaofuata. Mwaka huu Cyril alikuja peke yake. Nora alifariki mwezi wa pili. Enid alitaka kujua jambo moja, na hakuthubutu kuliuliza: Jumamosi mzee ataandika jina, au ndiyo basi?

Jumatatu Cyril alikwenda gatini. Jumanne alitazama kijiji cha maonyesho, chenye nyumba ndogondogo zinazomfika mtu magotini. Jumatano mvua ilianza alfajiri, na saa nne na dakika tano alikuwa bado amesimama ukumbini, kofia mkononi.

"Bwana Ollerenshaw, saa imepita."

"Naiona. Shida ni Jumatano. Jumatano aliyekuwa anachagua pa kwenda ni Nora. Mimi kazi yangu kubeba mkoba."

Enid akafungua mlango. Mzee akavuka barabara, akaketi katika kibanda cha kupumzikia kilichotazamana na dirisha la jikoni.

Enid akaosha vyombo, akatandika vitanda. Kila alipochungulia, Cyril alikuwa hajasogea. Angeweza kumwita ndani. Lakini kumwita kungekuwa kumwambia kwamba sasa yeye ni mtu wa kuhurumiwa, na mtu aliyehurumiwa mahali harudi tena. Saa sita akajaza chupa ya chai, akafunga mkate na nyama, akavaa koti, akafunga mlango kwa ufunguo, akavuka barabara.

"Na wewe umefukuzwa?" Cyril akauliza.

"Sheria ni sheria. Sogea."

Wakanywa chai. Ufukweni palikuwa na punda wawili tu wa kupandwa na watoto, wamefunikwa turubai, wakirudishwa zizini.

"Nora angechagua nini leo?" Enid akauliza.

"Lifti ya mwambani, ile ya kutoka ufukweni hadi juu. Apande na kushuka mara tatu, kisha alalamikie miguu."

"Wakati lifti ndiyo inayopanda."

"Nilimwambia hivyo kila mwaka."

Wakaenda, wakapanda na kushuka mara tatu. Walirudi zikiwa zimebaki dakika nne kufika saa kumi na moja. Enid, ufunguo mfukoni, akasimama naye kwenye mvua mpaka saa ya kanisa ilipogonga.

Jumamosi Cyril aliomba kalamu kabla chai haijapoa. Akaandika polepole, kama mtu asiyelizoea daftari lile: Ollerenshaw, mtu mmoja, namba tatu. Saa nne kamili alikuwa nje.